Mofa ya Orama

Mpaka leo siwezi kuvaa glavu za mpira. Mdogo wangu Rehema aliniletea jozi moja kutoka Mombasa, za kuoshea masufuria ya harusi ya binti yake, nene na za rangi ya waridi. Nikatia mkono mmoja tu, papo hapo nikauchomoa, nikaenda kunawa kwa ndimu. Akanicheka mbele ya wanawake waliojaa jikoni. "Dada yangu ana maringo siku hizi," akasema. Si maringo. Mpira ukishapata joto la ngozi hutoa harufu ninayoijua, na harufu hiyo ikinifika puani mate hunijaa mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika. Nimeishi nayo miaka thelathini na miwili. Nilidhani imebaki puani tu, lakini siku ile ile ya glavu Kassim, kijana wa Rehema, aliingia jikoni na simu yake akaniwekea usoni. "Mama mkubwa, hebu tizama. Huyu si wewe?" Nikauona mji wenye minara ya fedha, vyombo vya angani vikishuka na kupaa, watu wenye vichwa vya samaki na vya wadudu wakipishana ngazini. Halafu, kwa muda mfupi sana, umati wa watu waliopakwa tope, wameinama, na mbele yao msichana mmoja anakula kitu chini kama mbwa. "Si mimi," nikasema. Ndugu yetu Lali alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefika kwetu Siyu juzi yake kutoka Malindi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wake kulala ndani ya nyumba yetu. Miaka yote hiyo akija hulala kwa rafiki, au hurudi siku hiyo hiyo. Aliichukua simu, akatizama mpaka mwisho, akamrudishia Kassim. "Zima," akasema, akatoka. Rehema peke yake ndiye aliyefurahi. "Si ule mwaka wa watu wa picha! Dada alitupikia mikate ya mofa kwa mchuzi wa nazi, mimi nilikuwa na miaka tisa, wallahi sijala tena chakula kitamu kama kile. Dada, kwa nini usiwapikie wageni mofa ile ile?" Nikasema naenda kutizama kuni. Kuni zilikuwa pale pale miguuni mwangu. Nilikwenda uani nikatema mate.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Lali kumi na sita. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, na hilo sitalieleza hapa. Shule niliiacha kidato cha pili, nikawa nashona viatu vya ngozi katika baraza ya Bwana Shee, mzee wa kazi hiyo, mimi peke yangu mwanamke kati ya wanaume wanne, nimekaa nyuma ya pazia la gunia. Ami yetu, ndugu wa baba, alikuwa na duka Malindi. Alikuja, akakaa sebuleni, akanywa kahawa, akasema maneno yake kwa upole mkubwa: Lali aende naye dukani, Rehema apelekwe Mombasa kwa dada wa mkewe, mimi nitafutiwe mume. Nikamwambia, "Ami, sisi tutakaa pamoja." Akaniuliza, "Mtakula nini?" Nikamwambia tutakula nitakachopika. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Nakupa mpaka Ramadhani. Nikija nikakuta watoto wana ndaa, nawatukua." Alipoondoka Lali alikunja mkeka, akaniambia, "Dada, mimi siendi popote." Alisema kama anayeniahidi yeye, kana kwamba mkubwa ni yeye. Basi mwaka huo wote nilikuwa na jambo moja tu kichwani: watu watatu, nyumba moja, mpaka Ramadhani na baada yake. Kila nililofanya nililifanya kwa ajili hiyo, na ndiyo maana ninaona shida kulitubia.

Watu wa picha walikuja baada ya Maulidi. Kwanza tuliona punda wakitoka upande wa Mtangawanda, boti zinakofikia, wamebeba vipande vya chombo cha angani, bawa moja kwa punda wawili, na watoto nyuma wakipiga makofi. Kisha tukaitwa uwanjani kuelezwa. Aliyetueleza aliitwa Mutiso, kijana mnene wa Machakos aliyevaa kofia ya jua na kutoka jasho bila kukoma; ndiye aliyekuwa kati yetu na mwongozaji wa picha, mzungu mrefu aliyezoea kuzungumza huku akitizama mbali. Mutiso alisema uwanda wa chumvi ulio nje ya mji utageuka sayari. Sayari hiyo inaitwa Orama. Iko katikati ya njia zote za mbinguni. Chombo chochote kinachokwenda popote lazima kitue hapo, kijaze mafuta, kibadilishe abiria, kiuze na kununua. "Ni kama steji," akasema. "Ama kama Mtangawanda siku boti imefika. Watu wa kila aina, kila mtu ana haraka, hakuna mtu wa huko." Bwana Shee akainua mkono. "Bwana, umesema hakuna mtu wa huko. Hiyo nti haina wenyewe?" Mutiso akatizama karatasi zake. "Wako, mzee. Wenyeji wako. Hao ndio mtakuwa nyinyi." "Na wao huenda wapi?" "Hawaendi mahali. Wao wanabeba mizigo." Watu wakacheka, na Bwana Shee alicheka pia, lakini tuliporudi barazani alishona kiatu kizima, kisha akasema, "Mji huu ulikuwa na meli kabla babu yake huyo hajazaliwa, na yeo ametupa kazi ya kubeba."

Kazi yangu haikuwa ya kubeba. Walitafuta mtu anayejua sindano ya ngozi, kwa sababu vichwa vilikuwa vikichanika. Vichwa ndivyo nilivyoviita, na kila mtu akaviita hivyo: vinyago vya mpira vya wasafiri wa Orama, vinavyomeza kichwa chote cha mtu mpaka mabegani. Kulikuwa na kichwa cha pweza, kichwa cha nzige, kimoja chenye mashavu kama matako ya mtoto ambacho jirani yetu Bi Zena alikiita Bwana Mkubwa. Walioviingia walikuwa waigizaji kutoka Nairobi na wageni wachache. Waliingia asubuhi na kutoka saa kumi, katika jua la uwanda wa chumvi, na tundu la kupumulia lilikuwa dogo kama kishimo cha sindano yangu. Nilianza kwa kushona. Juma la pili nikaambiwa na kuviosha pia. Nataka niandike yaliyokuwemo ndani, kwa sababu picha yenyewe haionyeshi. Kulikuwa na jasho, si unyevu wa jasho bali jasho lenyewe, kikombe kizima ukigeuza kichwa juu chini. Kulikuwa na makamasi yaliyokaukia ukingoni. Kulikuwa na nywele, bazoka zilizotafunwa, majani ya miraa yaliyotemwa na kukandamizwa kwenye pembe za taya. Siku moja mwigizaji wa kichwa cha pweza alitapika akiwa ndani, wakamwambia avumilie wamalize kipande kile, akavumilia. Kichwa kililetwa kwangu saa moja baadaye kimefungwa katika mfuko wa plastiki, bado cha moto. Niliosha kwa siki na sabuni na maji ya uvuguvugu, nikaingiza mkono wenye glavu mpaka begani, nikavua makombo kwa vidole. Halafu nikavitundika juu ya boriti safu safu, midomo wazi, vikidondoka. Usoni vilikuwa vikitabasamu. Ngozi ya ng'ombe mbichi inanuka, nimeifanyia kazi, lakini ni harufu ya kitu kilichokufa, na kilichokufa kina udhuru. Ile ilikuwa harufu ya watu wazima walio hai, waliolipwa kukaa ndani ya uchafu wao na kujifanya wanatoka mbali.

Nyumbani nilikula kwa kijiko. Rehema aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni desturi ya kazini. Lali hakuuliza, aliinusa hewa tu pembeni yangu akasogeza sinia. Yeye alikuwa ameandikwa kama mwenyeji wa Orama pamoja na watu wa mji kama sitini, wake kwa waume. Walivishwa magunia, wakapakwa mafuta mazito yenye rangi ya tope la mikokoni, na wakaombwa wasioge mpaka juma liishe ili rangi isibadilike. Hapo palitokea mzozo wa kwanza. Rangi ile haikupitisha maji, udhu haukushika. Bwana Shee, ambaye hakukubali kupakwa na alikuja kutizama tu, alimwambia Mutiso, "Kijana wangu, unawapa watu kazi au unawatoa katika dini?" Mutiso akakubali waoge, akawatetea kwa mwongozaji, na kila adhuhuri ukaona watu sitini wanajisugua kwa mafuta ya taa nyuma ya ukuta wa sponji uliojengwa kuwa bandari ya Orama, ngozi zinawatoka mabaka, kisha wanakimbilia swala, kisha wanarudi kupakwa upya. Lali alifanya mzaha juu yake. "Dada, mimi sasa nawaka moto nikikaa karibu na jiko." Lakini alikuwa akijikuna mpaka damu.

Na chakula. Watu wa picha walikuwa na hema lao la chakula, na humo niliona kuku ameumwa mara moja akaachwa, wali umetiwa majivu ya sigara, embe zilizotobolewa kwa kidole kuona kama zimeiva. Yote yalitupwa katika shimo nyuma ya hema, na juu yake mtu mmoja, kazi yake hiyo, alimwaga mafuta ya taa. Nilimuuliza Mutiso sababu. Akaona haya. "Ni amri, Mwanaidi. Wanaogopa watu wakichukua wakaugua, watawashtaki." Nikamwambia, "Basi si afadhali wawape kabla hakijatupwa?" Akainua mabega. "Mimi nilisema hivyo hivyo siku ya kwanza." Nilikuwa nikipita karibu na shimo lile nikienda kuchota maji, na nzi hawakutua juu yake. Fikiria chakula ambacho hata nzi hawakitaki, karibu na mji ambao mimi ndani yake nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki kufika Ramadhani kwa hofu.

Ilikuwa Shaabani mwongozaji alipoona mofa. Bi Zena, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, alikuwa akijaribu unga mpya wa mtama katika tanuri lake la udongo kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu kwetu Ramadhani bila mofa haijaingia. Yule mzungu alipita, akaona mikate ya mduara, ya rangi ya vumbi, inatolewa motoni, akasimama. Akainusa, akaipiga picha, akamwambia Mutiso kitu, na Mutiso akamwambia Bi Zena kwamba Orama inataka mofa, makapu kumi, kesho kutwa, kwa ajili ya abiria wakubwa watakaoshuka chomboni. Bi Zena alielewa kama mtu yeyote wa Siyu angeelewa: kuna wageni, kuna karamu. Hakuna aliyemwambia vingine. Alikusanya wanawake watano, wakapepeta, wakaumua unga, wakatia hiliki ambayo hakuna aliyeiomba. Siku yenyewe walivaa, wakajifukiza udi, wakaja kusimama nyuma ya kamba ili waone mikate yao ikiliwa kwenye sayari. Nilikuwa karibu nao na sindano yangu. "Mwanaidi," Bi Zena akaniambia, "yule Bwana Mkubwa wa mashavu, atakulaje na mdomo wa mpira?" Nikamwambia sijui. "Basi angalau ainuse," akasema, na wenziwe wakacheka mpaka wakashikana.

Wale abiria wenye vichwa walisimama kwenye roshani ya bandari, makapu mbele yao. Chini wenyeji wa Orama walisubiri na magunia yao, Lali safu ya mbele. Kengele ikalia. Vile vichwa vikaanza kurusha mofa chini, mchangani, moja moja, kama mtu anayerushia kuku. Nilimsikia Bi Zena akivuta pumzi. Wenyeji walikuwa wameelezwa waigombanie, wakanyagane, waile pale pale chini. Hawakufanya. Sitasahau walichofanya, na sidhani walikubaliana, kwa sababu hakukuwa na muda wa kukubaliana. Watu sitini waliinama, kila mmoja akaokota mofa iliyokuwa karibu naye, akaipangusa, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, kisha akainua mato kutafuta mahali pa juu pa kuiweka. Ndivyo tulivyofundishwa kabla ya kujua kutembea: mkate ukianguka huuachi chini. Ule ukuta wa bandari ya Orama, wa sponji iliyopakwa rangi ya mawe, ulikuwa na vishimo vingi vya mapambo. Wakaiweka humo. Kengele ikalia tena, mwongozaji akacheka, akaeleza upya. Wakarusha tena. Wakaokota tena, wakabusu, wakaiweka ukutani. Mara ya tatu ukuta ulikuwa umejaa, na nilimwona Lali akiipanga vizuri, anasogeza moja ili nyingine ipate nafasi, uso wake wa tope umetulia kama wa mtu aliye nyumbani kwake. Mwongozaji hakucheka tena.

Walisimamisha kazi. Mutiso alikuja kwangu moja kwa moja, shati limemganda. "Mwanaidi, wewe wanakusikia. Waambie." "Niwaambie nini?" "Wafanye tu hiyo maneno mara moja. Mimi nimemwambia huyu mzee, hata mama yangu angenichapa, mkate ni mkate. Hataki kusikia. Anasema kama haitoki leo, kesho wanapakia, wanaenda kumalizia kwingine, na kazi ya kila mtu hapa imeisha. Na yako." Alisema "na yako" bila kutaka kunitisha, alikuwa akinionea huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku zilizobaki kuingia Ramadhani zilikuwa kumi na moja. Nilimwona Ami sebuleni, kikombe mkononi, akiuliza mtakula nini. Nikavua glavu. Nikavuka kamba.

Watu wamezoea kuniita imara. Huyu binti hayumbi, walikuwa wakisema barazani, na mimi nilikuwa nikijivunia. Nilikwenda mpaka ukutani, nikachukua mofa moja katika kishimo, na ninajua ilikuwa ya Lali kwa sababu alikuwa bado ameinua mkono. Nikaitupa chini. Nikaikanyaga kwa kisigino, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Kisha nikapiga magoti, nikainama bila kutumia mikono, nikaila. Ilikuwa na hiliki. Mchanga wa uwanda ule una chumvi na mavi ya punda, navyo vilikuwa na hiliki pia. Nikainua uso nikasema kwa sauti, "Ni mchezo tu. Mungu anajua ni mchezo. Malizeni twende nyumbani." Mzee mmoja alilia. Halafu wakaanza, mmoja mmoja, kwa sababu ni mimi niliyewaambia. Laiti ningekuwa msichana wa hovyo wasingenifuata. Wakanivisha gunia haraka, wakanipaka, kengele ikalia, na vile vichwa nilivyovisugua kwa mikono yangu mwenyewe vikatutupia mikate kutoka juu. Tulikanyagana vizuri sana. Mwongozaji alipiga makofi. Nilipogeuka Bi Zena na wenziwe walikuwa wakienda zao, migongo tu na mabuibui. Lali hakuwemo. Gunia lake lilikuwa juu ya ukuta, limekunjwa vizuri kama mkeka.

Jioni yule mtu wa mafuta ya taa alikuja na kopo lake. Mikate mingi ilikuwa imebaki, mingine mizima, mingine vipande. Nikamwomba Mutiso dakika chache. Hakuniuliza. Alimshika yule mtu begani, akamwambia twende ukaonje chai. Niliokota mpaka jua likaingia baharini, nikatia katika gunia la kubebea vichwa, nikajitwika. Nyumbani nilikwangua kwa kisu, nikapuliza, nikafuta kwa kitambaa kibichi, nikakuna nazi mbili, nikapika mchuzi mzito wenye pilipili na ndimu, na mofa ile nikaivunjavunja ndani mpaka isijulikane ilikotoka. Sikuwa na lazima. Tulikuwa na unga ndani, si mwingi, ila ulikuwepo. Nilitaka ile mikate iliwe kwenye sinia na watu waliokaa chini vizuri na kusema bismillah, kana kwamba hilo lingeirudisha juu ukutani. Nikawaambia imetoka kwa Bi Zena, na huo haukuwa uongo mzima. Rehema alikula mpaka akajilaza chali. Lali alikuja kutoka msikitini ameoga, ananuka sabuni. Alikaa, akala, akamaliza, akafuta sinia kwa kidole, akasema, "Alhamdulillahi. Umepika vizuri, dada." Mimi nilikula kwa kijiko. Baada ya swala ya alfajiri hakurudi. Alikwenda kwa miguu mpaka Mtangawanda, akapanda boti ya kwanza, akafika Malindi, akaingia dukani kwa Ami kwa hiari yake. Ami aliniletea salamu: kijana amekuja mwenyewe, usiwe na wasiwasi, baki na mtoto wa kike. Hakuja kumchukua Rehema. Nilishinda nusu. Watu wa picha walipakia kabla ya mwezi kuandama hata hivyo, walikuwa wamemaliza. Vichwa walivichoma katika lile shimo, kwa yale mafuta ya taa, na moshi mweusi wa Orama ulikaa juu ya nyumba zetu siku mbili, ukaingia katika nguo zilizoanikwa. Bi Zena alinisalimia tena baada ya mwaka. Hakuwahi kunipa mofa, wala mimi sikuwahi kumwomba, na sikuwahi kuipika tena.

Asubuhi baada ya ile simu ya Kassim, nilimkuta Lali jikoni peke yake, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, anakuna. Ana mvi sasa. Ana tumbo la mtu wa dukani. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia bila kuzunguka, kwa sababu nikizunguka sisemi. Nikamwambia ile mofa aliyokula usiku wake wa mwisho katika nyumba hii ilikuwa ile ile, niliiokota chini, na nyingine ilikuwa na nyayo za watu juu yake, na nilimlisha bila kumwambia. Hakuacha kukuna.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mtanga, dada. Ulikuwa ukilia menoni."

"Na ukala? Ukafuta na sinia?"

"Ulikuwa umepika wewe. Na yule mtoto alikuwa akinitizama. Ningeacha, angeuliza."

Nikamuuliza basi kwa nini aliondoka, kama aliweza kumeza hayo. Akakung'uta kifuu, akachukua kingine. "Kwa sababu ulikuwa wataka watu watatu ndani ya nyumba hii. Tungekuwa watatu ungefanya tena. Nikasema nipunguze mmoja." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoulizia bei ya sukari. Nilitaka kumwambia kwamba nisingefanya tena. Nimekuwa nikijiambia hivyo miaka yote. Lakini alikuwa amenitizama usoni, na mimi si mtu wa kudanganya mara mbili juu ya chakula kimoja. "Ningefanya," nikasema. "Kweli ningefanya. Na hata sasa nikikumbuka natamani kujitapika." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa mzigo alioagiza. "Mimi pia," akasema. "Nilipoiona jana katika ile simu nilitapika nyuma ya ukuta wa Bi Zena. Mzee mzima." Tukacheka kidogo, kicheko kibaya, cha puani.

Rehema akaingia na ungo, hina imemkauka mikononi, akasimama kututizama. "Mwanong'ona nini nyinyi wawili? Wageni wafika adhuhuri. Dada, nimekuuliza tangu jana, mofa utapika au hupiki?"

Nilifungua mdomo kusema kwamba sipiki. Lali alinyoosha mkono, akaupokea ule ungo.

"Atapika," akamwambia. "Unga nitauchekecha mimi."